Kujaa na Kujazwa: Lugha ya Ghala na Uchunguzi wa Diski katika Nodi za Kontena

1. Utangulizi

Katika miji ya Kitale na Bungoma, magharibi ya Kenya, kauli ya kwamba kitu "kimejaa" ilikuwa na uzito wake kabla ya kompyuta kufika huko. Kitale ni mji wa mahindi. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa huko mwaka 1956, na mbegu chotara za kwanza za mahindi zikatolewa kwa wakulima mwaka 1964. Mavuno yalipoongezeka, suala la mahali pa kuyaweka likawa suala la maisha. Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, iliyoundwa mwaka 1979 kwa kuunganisha bodi mbili zilizoitangulia, ina maghala katika miji yote miwili.

Lori la mahindi lirudishwapo kutoka mlango wa ghala lolote, jibu ambalo mkulima huenda nalo nyumbani huwa fupi: "Stoo imejaa." Hata hivyo lori laweza kurudishwa kwa sababu zisizofanana. Huenda sakafu haina nafasi ya gunia hata moja. Huenda unyevu wa mahindi umezidi kiwango kinachokubaliwa cha asilimia 13.5. Huenda pia nafasi ipo na mahindi ni makavu, ila fedha za kununulia zimekwisha. Kila sababu ina dawa yake: ya kwanza yahitaji ghala jingine, ya pili yahitaji jua, ya tatu yahitaji subira. Kauli moja imezificha zote tatu.

Kauli hiyohiyo sasa imehamia katika kazi ya kompyuta. Tangu mwaka 2023 mkulima wa Kenya anayetaka mbolea ya ruzuku huandikishwa katika daftari la kielektroniki, kisha hupata ujumbe kwa simu kabla ya kwenda kuichukua mbolea yake. Hesabu za vyama vya ushirika, malipo ya maziwa na ya miwa, na karo za shule, nazo huwekwa katika mashine ambazo mara nyingi ziko mbali na mwenye hesabu. Mashine hizo zinaposimama, mojawapo ya majibu ya kawaida ya fundi ni "diski imejaa". Karani aliyeko Bungoma hana njia ya kuiona diski hiyo. Alicho nacho ni maneno ya fundi tu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chanzo cha kujaa kwa diski kinavyotafutwa katika mashine za aina moja, yaani nodi za klasta ya kontena, na kuonyesha kwamba sarufi ya Kiswahili inayo tayari vyombo vya kuueleza uchunguzi huo hatua kwa hatua. Hoja yake ni kwamba upungufu uliopo hautokani na uhaba wa istilahi peke yake. Unatokana zaidi na kuziacha tofauti ambazo lugha yenyewe huzifanya.

2. Vitu vinavyozungumziwa

Neno kontena halihitaji kufafanuliwa Bungoma. Barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malaba hupita hapo, na makasha ya chuma yenye shehena hupita usiku na mchana. Yaliyochakaa yamegeuzwa maduka. Katika kompyuta, kontena ni programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji ili iweze kuendeshwa katika mashine yoyote ile, kama vile kasha la chuma linavyopakiwa katika meli, gari moshi au lori bila kufunguliwa. Matumizi yake yalienea kuanzia mwaka 2013, programu iitwayo Docker ilipotolewa.

Kontena hufanywa kutokana na kitu ambacho mafundi hukiita imeji. Imeji moja yaweza kutoa makontena mengi yanayofanana, kama kalibu moja itoavyo matofali mengi. Neno kalibu limo katika Kiswahili tangu zamani, nalo ndilo litakalotumiwa hapa.

Nodi ni mashine moja inayoendesha makontena. Wanaisimu wamelizoea neno hili kwa maana ya mahali ambapo matawi ya mchoro wa sentensi hukutana. Katika kompyuta nodi ni kitu chenye mwili, chenye diski yake, kumbukumbu yake na jina lake. Nodi nyingi zinazofanya kazi pamoja huitwa klasta. Kontena moja au zaidi yanayopangwa pamoja kama kitu kimoja huitwa podi. Programu inayotumiwa sana kupanga podi katika nodi ni Kubernetes, ambayo Google iliitangaza mwaka 2014 na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2015. Jina hilo ni la Kiyunani, maana yake mshika usukani.

Jambo la msingi ni kwamba makontena mengi ya nodi moja hutumia diski moja. Wakulima kumi wakiweka mahindi katika ghala moja, na mmoja wao akaleta magunia kupita kiasi, wote kumi watarudishwa mlangoni. Aliyelijaza ghala na aliyerudishwa si lazima wawe mtu mmoja. Kwa sababu hiyo programu iliyosimama mara nyingi siyo iliyoleta hasara, na fundi anayeichunguza hiyo peke yake hupoteza siku yake bure.

3. Kitenzi -jaa na ndugu zake

Kitenzi -jaa hueleza hali iliyofikiwa wala hakimtaji mtendaji. Yafaa kulinganisha sentensi hizi:

(1) Mahindi yamejaa ghalani.
(2) Ghala limejaa mahindi.
(3) Ghalani mmejaa mahindi.
(4) Ghala limejazwa mahindi na wapagazi.

Katika (1) kiima ni kilichomo. Katika (2) ni chombo. Katika (3) ni mahali, na kiambishi m- huonyesha kuwa jambo liko ndani. Sentensi ya (4) imeongeza kauli ya kutendesha na ya kutendwa, na hapo nafasi mbili zimepatikana ambazo hazikuwako pamoja mwanzoni: nafasi ya kilichomo, isiyohitaji kiunganishi chochote, na nafasi ya mtendaji, inayotanguliwa na na. Asemaye "ghala limejaa" ametimiza sarufi bila kutaja cho chote kati ya hivyo viwili. Asemaye "limejazwa" humwachia msikilizaji maswali mawili yanayodai majibu: limejazwa nini, na limejazwa na nani?

Tofauti ya pili ni ya upatanisho. Katika Kiswahili sanifu diski na nodi huchukua i-, na kontena likihesabiwa katika ngeli ya li-ya huchukua li-. Kwa hiyo:

(5) Imejaa.
(6) Limejaa.

zaweza kutofautisha diski iliyojaa na kontena lililofikia mpaka wake, hata kama nomino haikutajwa. Katika Kiswahili cha bara ya Kenya, ambako ngeli ya i-zi imepanuka na kumeza nyingine nyingi, husikika "ghala imejaa", "kontena imejaa" na "diski imejaa". Sokoni kosa hili halimdhuru mtu. Katika taarifa ya fundi aliye upande wa pili wa simu, linafuta dalili ambayo ingemwelekeza msikilizaji mahali panapostahili kutazamwa.

Tofauti ya tatu ni ya viambishi vya mahali. Pa- hutaja mahali mahususi, ku- hutaja eneo kwa jumla, na m- hutaja undani. Mazungumzo ya mijini huelekea kutumia "kwa" na ku- kwa yote: "kwa stoo kumejaa." Ila haifai kudhani kwamba utaratibu huu wa tatu ni mgeni kwa watu wa huko. Lubukusu, lugha ya wakazi wengi wa Bungoma na wa sehemu kubwa ya Trans Nzoia, huweka viambishi vya mahali mwanzoni mwa nomino yenyewe, kama katika mumusiru, "msituni", na kukipatanisha kitenzi navyo. Mbukusu afundishwaye kutofautisha kumejaa na mmejaa hukumbushwa jambo ambalo lugha ya mama yake hulifanya. Kwa Msabaot, ambaye lugha yake si ya Kibantu, somo hilo huhitaji mazoezi zaidi.

4. Hatua za uchunguzi

Viambishi hivyo vitatu, pamoja na na ya mtendaji, vyalingana na maswali manne ambayo uchunguzi wa diski hupitia kwa mpangilio uleule.

4.1 Ku-: kumejaa wapi katika klasta?

Swali la kwanza ni nodi gani. Katika kila nodi mna programu ndogo iitwayo kubelet, ambayo hupima diski mara kwa mara. Ikiwa mipangilio ya kawaida haikubadilishwa, nafasi iliyobaki katika diski kuu ya nodi ikishuka chini ya asilimia 10, au ile ya diski ya kalibu ikishuka chini ya asilimia 15, kubelet huitangaza nodi kuwa katika hali iitwayo DiskPressure. Tangu hapo podi mpya hazipelekwi huko, na zilizoko zaweza kutolewa.

Fundi hana budi kutazama kama nodi iliyojaa ni moja au ni zote. Zikijaa zote kwa mwendo mmoja, chanzo huelekea kuwa kitu kilichowekwa katika kila nodi. Ikijaa moja tu, yafaa kutafuta kilichomo humo kisichomo katika nyingine.

4.2 Pa-: pamejaa mahali gani?

Nodi yaweza kuwa na diski iliyogawanywa sehemu kadhaa, na sehemu moja ikajaa huku nyingine zikiwa tupu. Amri df huonyesha kila sehemu na kiasi chake. Amri du hupima saraka moja moja. Sehemu tatu huwa za kutazamwa kwanza: /var/lib/containerd, ambako kalibu na tabaka za makontena huwekwa, /var/lib/kubelet, ambako mna vitu vya podi, na /var/log/pods, ambako maneno yanayotolewa na makontena huandikwa.

Hapa maelekezo ya kale huweza kupoteza. Miongozo mingi iliandikwa wakati nodi zilipotumia Docker, na humwelekeza msomaji katika /var/lib/docker. Toleo la 1.24 la Kubernetes, la mwaka 2022, liliondoa kiungo kilichoiwezesha kubelet kuitumia Docker moja kwa moja. Fundi afuataye mwongozo wa zamani katika nodi mpya hufungua mlango wa ghala lililohamwa, akatoka akisema hakuna kitu.

4.3 M-: mmejaa nini?

Mahali pakishajulikana, hutafutwa kilichomo. Aina nne ndizo za kawaida.

Ya kwanza ni kalibu za zamani. Kila toleo jipya la programu huleta kalibu mpya, na zile za nyuma hubaki. Matumizi ya diski yafikapo asilimia 85, kubelet huanza kufuta kalibu zisizotumika mpaka yashuke kufikia asilimia 80. Zinazotumiwa na makontena yaliyoko haziguswi.

Ya pili ni shajara, yaani maandishi ambayo programu hutoa kueleza inachofanya. Kwa kawaida kubelet hulifunga faili la shajara linapofika megabaiti 10 hivi na huweka mafaili yasiyozidi 5 kwa kila kontena, yaani megabaiti 50 kwa kukadiria. Hesabu hii ni kipimo kizuri. Nodi yenye podi 110, ambayo ndiyo idadi ya juu ya kawaida, zikiwa na kontena moja moja, haitazamiwi kuwa na shajara nyingi kupita megabaiti 5,500 au zaidi kidogo. Zikionekana zimezidi mara kumi, ni dhahiri kwamba utaratibu wa kuzifunga umeharibika.

Ya tatu ni mafaili ambayo programu huyaandika ndani ya kontena lenyewe, katika tabaka lake la juu. Haya hayamo katika utaratibu wa shajara. Programu iandikayo kila siku faili lake yenyewe bila kulipunguza yaweza kuijaza nodi huku shajara zote zikionekana ndogo. Ya nne ni vitu vya muda ambavyo podi huviweka katika nafasi iliyopewa kwenye diski ya nodi.

4.4 Na: imejazwa na nani?

Swali la mwisho ndilo linaloachwa mara nyingi. Fundi akiona kwamba mmejaa shajara, huzifuta, nafasi ikapatikana, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Baada ya siku chache diski hujaa tena. Taarifa kamili ni hii:

(7) Diski ya nodi ya tatu imejazwa shajara na kontena la malipo, linaloandika kosa lilelile kila sekunde.

Hapo chombo, kilichomo na mtendaji vimetajwa, na dawa yajulikana: ni kulitengeneza kosa la kontena la malipo. Kununua diski kubwa zaidi kungekuwa kumjengea mharibifu ghala la pili.

5. Kujaa kusikoonekana

Zipo hali tatu ambazo huwapotosha hata mafundi wazoefu, na lugha ya ghala huzifafanua vizuri.

Hali ya kwanza ni ya daftari lililokwisha mistari. Na ichukuliwe kwamba mwenye ghala hapokei gunia lisiloandikwa mstari wake katika daftari. Mistari ikiisha, magunia hukataliwa ingawa nusu ya sakafu ni tupu. Diski nayo ina daftari la namna hiyo: kila faili, liwe dogo namna gani, huhitaji ingizo moja liitwalo inodi. Katika mfumo wa mafaili wa ext4 idadi ya inodi huamuliwa diski inapotengenezwa, kwa kawaida moja kwa kila kilobaiti 16. Diski ya gigabaiti 100 hupata inodi milioni 6.5 hivi. Programu iundayo mamilioni ya mafaili madogo huzimaliza kabla nafasi haijaisha. Linux hutoa ujumbe uleule kwa hali zote mbili, kwamba hakuna nafasi iliyobaki, na hivyo msomaji wa Kiingereza naye hudanganyika. Amri df -i ndiyo ihesabuyo inodi. Kwa Kiswahili yafaa kusema "daftari la diski limejaa", kwa li-, na kuiacha "diski imejaa" kwa upungufu wa nafasi.

Hali ya pili ni ya magunia yaliyofutwa daftarini yakabaki sakafuni. Faili likifutwa huku programu bado imelishika, jina lake hutoweka, lakini nafasi yake hairudi mpaka programu iliachie. Dalili yake ni kwamba df husema pamejaa na du haioni cha kutosha. Amri lsof hutaja programu iliyolishika. Anayeendelea kufuta mafaili mengine katika hali hii huongeza hasara bila kupata nafasi inayolingana na alichofuta.

Hali ya tatu ni ya akiba. Mfumo wa ext4 kwa kawaida huweka kando asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi mkuu wa mashine, kama nchi iwekavyo akiba ya nafaka isiyouzwa sokoni. Programu za kawaida huona pamejaa, hali akiba ipo.

Zaidi ya hizo, yafaa kukumbuka lori lililorudishwa kwa unyevu. Diski iliyowekwa katika hali ya kusomwa tu hukataa kuandikwa ingawa ina nafasi tele. Kukataa si kujaa, na kitenzi chake kiwe "imekataa".

6. Kuhamisha au kufurusha?

Istilahi moja ina hatari zaidi ya nyingine. Nodi ikizidiwa, kubelet husimamisha baadhi ya podi ili kuokoa mashine. Jambo hili laweza kuitwa "kuhamishwa" kwa podi, kwa kuwa podi nyingine ya aina hiyo mara nyingi huanzishwa katika nodi nyingine. Neno hilo ni la upole, na linadanganya. Kwa Mswahili, anayehama huenda na vyombo vyake. Podi iliyosimamishwa haichukui kitu: mafaili yaliyoandikwa ndani ya kontena na vile vitu vya muda hupotea. Kinachosalimika ni kile kilichowekwa katika hifadhi ya kudumu nje ya podi.

Na ichukuliwe mfano wa kubuni wa chama cha ushirika ambacho orodha ya magunia yaliyopokelewa asubuhi imeandikwa katika nafasi ya muda ya podi. Karani akiambiwa "podi imehamishwa", atangoja orodha irudi, na magunia yatakuwa yamekwisha kuchanganywa. Akiambiwa "podi imefurushwa", atashika kalamu na kuanza kuyahesabu upya wakati magari yangali uwanjani. Kufurusha ni neno ambalo magazeti ya Kenya hulitumia kwa watu walioondolewa katika ardhi, na uchungu uliomo ndani yake unasema kweli: aliyefurushwa hakupewa nafasi ya kufunga mizigo.

7. Hitimisho

Masomo ya kompyuta nchini Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, na wahitimu wa vyuo vya Kitale na Bungoma huieleza kazi yao kwa Kiswahili mbele ya watu wanaoitegemea. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na tangu mwaka 1985 kila mwanafunzi amekuwa akikisoma na kutahiniwa. Kwa hiyo fundi huyo hakosi sarufi. Anachokosa ni kuonyeshwa kwamba upatanisho wa ngeli, viambishi vya mahali na mnyambuliko wa vitenzi, vitu alivyovisoma ili kupita mtihani, ni vyombo vya kazi yake.

Kuunda istilahi kama kalibu, shajara na inodi ni kazi ya lazima, lakini orodha ya nomino haitoshi. Uchunguzi hufanywa kwa vitenzi. Fundi akifundishwa kutoka kwenye "imejaa" mpaka "kumejaa", "pamejaa", "mmejaa" na hatimaye "imejazwa na", atakuwa amefundishwa njia nzima ya kukitafuta chanzo, na karani aliye upande wa pili wa simu ataweza kumwuliza swali linalofuata. Walimu wa sarufi na walimu wa kompyuta wanayo hapa kazi ya kufanya pamoja, na mahali pa kuanzia ni sentensi ambayo kila mkulima wa Trans Nzoia na Bungoma ameisikia mlangoni mwa ghala.